Ukishavuka Daraja, Tafuta Bomba

Mjini Balmora, katika Chama cha Wapiganaji, yuko bwana mmoja aitwaye Hasphat Antabolis. Anataka umletee kisanduku cha fumbo kutoka magofu ya Arkngthand. Ukimuuliza magofu yako wapi, anakuelekeza kwa maneno, kama unavyoelekezwa na mwenye duka mtaa usioujua: toka mjini kwa upande wa kusini, nenda hadi ngome ya Moonmoth, kutoka hapo tafuta daraja la kale lililopita juu ya bonde la Foyada Mamaea, livuke, kisha panda. Mlango hauna kitasa. Karibu yake kuna bomba lenye kishikio, kizungushe, utafunguka.

Basi. Ramani haina nukta nyekundu, na hakuna mshale wa kukuvuta. Maneno yake yanabaki kwenye shajara yako, na barabara iko mbele.

Gemu hii ni Morrowind, ya kampuni ya Bethesda ya Marekani, iliyotoka mwaka 2002 kwa kompyuta na kwa Xbox. Ni gemu ya kuvaa uhusika: unajichagulia jina, kabila, kazi na nyota ya kuzaliwa, halafu unashushwa melini ukiwa mfungwa aliyeachiwa huru, kwenye kijiji cha pwani kiitwacho Seyda Neen, katika kisiwa cha Vvardenfell. Nimeirudia mara nyingi kwa miaka mingi, na safari ile ya Arkngthand bado naifanya taratibu kila ninapoanza upya, kwa sababu ndani yake naiona kazi ya mafundi walioamua jambo moja na kulishikilia mpaka mwisho: mgeni ajifunze nchi kwa kuuliza na kusikiliza.

Tazama jinsi daraja lile linavyofanya kazi. Kutoka ngome ya Moonmoth hulioni mara moja. Unapita kwenye ukungu, ardhi inageuka kutoka majani kuwa majivu, halafu linatokea tao la mawe, la zamani kuliko kila jengo ulilopita, na chini yake bonde jeusi lililochongwa na lava ya Mlima Mwekundu. Hujaambiwa na mtu yeyote kwamba waliolijenga, Wadwemer, walitoweka wote kwa mara moja. Hilo utalisoma baadaye kwenye vitabu. Lakini miguu yako imeshapita juu ya kazi yao, na mkono wako umezungusha kishikio chao, na lile bomba la chuma linakuambia kuwa walikuwa watu wa mitambo katika nchi ambayo wengine wote wanategemea miungu na mizimu. Historia ya kisiwa kizima umeipata kwa kutafuta mlango.

Ndani ndipo penye kero. Kisanduku chenyewe ni kidogo, kimewekwa kwenye rafu katika chumba cha pembeni, na rangi yake haitofautiani sana na ya vyombo vilivyokizunguka. Wachezaji wengi wamezunguka humo saa nzima na kutoka mikono mitupu. Fundi aliyekiweka pale hakukosea kukificha, maana kitu cha thamani hufichwa, ila Hasphat angeweza kutuongezea sentensi moja tu. Kuna maelekezo mengine kisiwani ambayo yana kasoro kubwa zaidi: mtu anakuambia kaskazini kumbe ni kaskazini mashariki, na wewe unatembea majivuni mpaka usiku. Mtindo wa maelekezo kwa maneno unadai maneno yawe sahihi. Pale yalipokosewa, mchezaji alipoteza muda wake bure, na sioni sababu ya kuyatetea.

Wakati mwingine nilikuwa na daftari la hesabu, lile la mirabaraba, nikichora njia kutoka kituo hadi kituo. Lilinifaa kuliko shajara ya gemu yenyewe, ambayo mwanzoni iliandika kila jambo kwa mpangilio wa siku tu, bila kutenganisha kazi moja na nyingine. Baada ya mwezi mmoja wa safari ilikuwa kitabu kinene ambacho ndani yake ahadi kwa mvuvi, amri ya kasisi na siri ya jasusi vilichanganyika. Nyongeza ya Tribunal, iliyotoka mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2002, ndiyo iliyoleta njia ya kuzipanga kazi moja moja.

Kinachonifanya niwaheshimu zaidi mafundi hawa ni usafiri. Kati ya miji mikubwa unapanda mdudu mrefu kama mnara, ambaye gamba lake limechongwa likawa behewa, na dereva humwendesha kwa kugusagusa nyama iliyoachwa wazi. Hafiki kila mahali. Pwani utahitaji mashua. Kwenye vyama vya wachawi utalipa upelekwe kwa uchawi. Kurudi hekaluni kuna dua yake. Kwa hiyo kusafiri kunataka akili ileile anayoitumia msafiri wa kweli: panda huyu mpaka mji wa Ald'ruhn, shuka, kisha tembea. Ukishaijua mitandao yote hii kwa kichwa, wewe si mgeni tena, na hakuna kipimo chochote kwenye skrini kilichokuambia hivyo.

Na kisiwa chenyewe ni kidogo. Gemu kuu iliyotangulia katika mfululizo huu, Daggerfall ya mwaka 1996, ilikuwa na nchi kubwa kupita kiasi iliyozalishwa na kompyuta, miji kwa maelfu, mingi ikifanana kama matofali. Safari hii Bethesda walipunguza eneo na kuweka kila jiwe kwa mkono. Ukungu mzito unaficha kilicho mbali, na mwendo wa mwanzo ni wa polepole mno, hivyo kijiji cha jirani kinaonekana kiko nchi nyingine. Siku hizi wapo wanaouondoa ukungu kwa programu za ziada, na ghafla wanaona kuwa miji ile iko karibu karibu. Mimi nauacha.

Ule mwendo wa polepole, hata hivyo, umewafukuza wengi mlangoni. Mgeni hutoka Seyda Neen akikimbia ili awahi, ule mstari wa kijani wa pumzi unaisha, anakutana na mdudu mmoja tu wa njiani, anachomoa kisu na kumchoma mara kumi. Unakiona kisu kikipita katikati ya mwili wa mdudu, na gemu inasema umekosa. Sababu ni kwamba chini ya picha kuna dadu inayorushwa. Ustadi usiouchagua huanzia karibu na 5 kwa 100, uliouchagua kuwa mkuu huanzia 30 au zaidi, na aliyeishiwa pumzi hupunguziwa tena. Katika gemu za zamani za maandishi jambo hili halikumsumbua mtu, kwa kuwa alisoma neno tu. Hapa jicho linaona chuma kimegusa nyama. Mafundi walichukua kanuni ya karatasi wakaivika mwili, na hawakuushonea mwili huo ishara yoyote: mdudu kukwepa, kisu kuteleza kwenye gamba, chochote. Hilo ndilo kosa lao kubwa, na nalisema kwa kuwa naipenda kazi hii.

Lakini kanuni hizohizo, zikiachwa ziende mpaka mwisho wake, huzaa maajabu. Kwenye njia ya kutoka Seyda Neen unasikia ukelele, kisha mchawi anaanguka kutoka angani na kufia miguuni pako. Mfukoni mwake kuna hati tatu za kuruka, na maelezo yake mwenyewe. Ukiisoma moja na kuruka, unapaa hadi kisiwa chote kinakuwa chini yako, na usipoiwahi ya pili kabla ya kutua, utakufa kama yeye. Gemu haikuzuii. Imekupa nguvu, imekuonyesha maiti, imekuachia uamuzi. Vivyo hivyo wachawi wa nyumba ya Telvanni, wanaoishi ndani ya uyoga mkubwa kama minara, hawakujijengea ngazi za kufika vyumba vyao vya juu. Asiyeweza kuelea hana shughuli huko. Somo lote la tabaka na kiburi cha nyumba ile limo katika shimo tupu la wima.

Watu wa gemu hii wamesimama palepale usiku na mchana, mvua ikinyesha. Waulize wavuvi kumi kuhusu jambo lilelile, wengi watakujibu kwa aya ileile, neno kwa neno. Ni dosari, na inaumiza hasa baada ya saa nyingi. Ila mazungumzo kuwa ya maandishi badala ya sauti ndiko kulikowezesha yale maelekezo marefu. Gemu iliyofuata, Oblivion ya mwaka 2006, ilirekodi sauti kwa kila mazungumzo. Kila sentensi ikawa na gharama ya studio, majibu yakafupishwa, na mshale ukaja kwenye dira kukuonyesha uendako. Nimeicheza pia kwa furaha. Nikiulizwa leo njia ya kwenda kwenye pango lake lolote, siwezi kuieleza.

Toleo la kompyuta lilikuja na zana zilezile walizojengea mafundi, na watu wakazichukua. Mradi wa kujitolea wa Tamriel Rebuilt, ulioanza hata kabla gemu haijatoka, bado unalijenga bara lililo nje ya kisiwa, kijiji baada ya kijiji. Nimepita huko. Niliingia kwenye baa ya bandarini, nikamuuliza mhudumu njia ya kwenda kwenye kaburi fulani, naye akanieleza: fuata ufuo, ukiona mwamba uliopasuka panda kulia. Nilipoufikia ule mwamba jua lilikuwa linazama, na ufa wake ulikuwa upande uleule aliousema.