Damu ya Watoto wa Kampala

Mwaka 1949 msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford ulifika Mlima Kenya. Mmoja wao alikuwa Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyekulia shambani katika Bonde la Ufa. Wenzake wakishughulika na mimea na wadudu, yeye alichukua damu za watu.

Kipimo chake hakikuwa na makuu. Unatoa tone la damu, unalichanganya na kemikali inayoiondolea oksijeni, unalifunika kwa kioo chembamba, unasubiri. Kisha unainamia hadubini. Chembe nyekundu za kawaida hubaki za mviringo. Zenye selimundu, hitilafu ya damu ya kurithi, hujipinda na kuchongoka. Kazi ni kurudia hayo kwa mtu wa mia kwa uangalifu uleule wa mtu wa kwanza.

Hesabu zikaanza kusema. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja walizidi asilimia 20. Nyanda za juu hawakufika asilimia 1. Watoto wanaoirithi kwa wazazi wote wawili walikuwa wakifa mapema, kwa hiyo ilitarajiwa ipungue kizazi hadi kizazi. Mbona imestawi? Allison alitazama mahali ilikostawi, akaona ni kule kule kwenye malaria.

Wengi wangeandika papo hapo. Yeye alirudi kumaliza udaktari, akaja tena mwaka 1953 kuijaribu hoja yake: kwamba aliyeirithi selimundu kwa mzazi mmoja hukingwa dhidi ya malaria. Na hapa ndipo ninapomstahi zaidi: alichagua watoto wadogo. Mtu mzima wa ukanda wa mbu ameumwa malaria mara nyingi, mwili wake umeshajifunza kupambana nayo, na kinga hiyo inaficha tofauti iliyokuwa ikitafutwa. Mtoto bado hana kinga hiyo.

Karibu na Kampala alipima watoto 290. Kati ya 43 waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasioirithi, walikuwa 113. Tofauti hiyo peke yake haikumtosha. Akazunguka Uganda, Kenya na Tanganyika, akapima maelfu ya watu wa makabila mbalimbali, ili ionekane kwamba kinachoamua ni mbu wa mahali, wala si ukoo au lugha.

Alifanya pia jaribio la kuwaambukiza malaria watu wazima waliojitolea jijini Nairobi. Hilo leo lingezuiwa, na ni haki lizuiwe. Mimi naona kazi ya watoto ndiyo yenye uzito: haikumdhuru yeyote, na ilijibu swali.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na wengi hawakushawishika mara moja. Miaka mingi baadaye watafiti wa Kilifi waliwafuatilia watoto wa pwani, wakakuta kwamba aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja ana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali.