Jiliwa Linalomaliziwa Katwe

Jiliwa la bei nafuu hutoka dukani likiwa limepakwa rangi nene ya buluu, na chini ya rangi hiyo imejificha kazi ambayo kiwanda hakikuimaliza. Fundi wa Katwe, jijini Kampala, hulifungua lote kwanza. Huizungusha parafujo hadi taya ya mbele itoke, hufungua nati, kisha huosha kila kipande kwa dizeli na brashi ya nyaya. Chini ya karai hubaki mchanga wa kalibu, ambao ungeachwa ungezisaga hesi za parafujo pole pole.

Mtaa huu una uzoefu wa miaka mingi na kazi za namna hiyo. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 na vipuri vikaadimika nchini, mwenye gari au mashine iliyokufa alihitaji mtu wa kumchongea kilichokosekana.

Ugonjwa wa majiliwa haya ni mmoja: ukikaza, taya ya mbele huinuka na kazi hupinda. Fundi huchanganya masizi na mafuta, huupaka mkono wa taya hiyo unaoteleza, huusukuma ndani na kuutoa. Masizi yanapofutika ndipo chuma kinapogusana na chuma. Hapo tu ndipo tupa hupita, mara chache, kwa uzito wa mkono mmoja. Hufuta, hupaka tena, husukuma tena. Mwanagenzi asiye na subira angetumia mashine ya kusaga akamaliza mara moja, na jiliwa likalegea zaidi, kwani chuma kilichoondolewa hakirudi. Uwazi uliobaki chini ya mkono huzibwa kwa ukanda mwembamba wa shaba ya manjano, unaosukumwa juu na skrubu mbili.

Baada ya mkono, huja zamu ya uso wa taya: bamba jipya hutoka kwenye springi ya lori. Kipande hutiwa moto hadi kiwe chekundu, kisha hufukiwa majivuni kipoe taratibu na kulainika. Ndipo hukatwa, hutobolewa matundu ya skrubu na kunyooshwa kwa tupa. Hurudi motoni mpaka sumaku isikivute tena, kikazamishwa katika mafuta machakavu ya injini. Sasa ni kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Fundi hukisugua king'ae, hukipasha kidogo kidogo huku akitazama rangi. Ikifika manjano ya majani makavu, yaani nyuzi 230 hivi za Selsiasi, hukiondoa. Kwangu mimi hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, maana rangi hiyo haikai.

Mwisho huweka vipande viwili vya karatasi, kimoja kila upande wa taya, hukaza na kuvivuta. Kimoja kikichomoka, skrubu hufunguliwa na tupa hushikwa upya. Vyote vikikatika, parafujo hupakwa grisi na jiliwa hufungwa juu ya mguu wa meza, pasipodunda. Rangi iliyochubuka haiguswi.