Juu ya Ulinganifu wa Alama katika Miongozo ya Mifumo ya Kompyuta

Mtu apandaye kutoka mjini Moshi kuelekea Kibosho au Marangu hukuta kwamba mpaka baina ya kihamba na kihamba mara nyingi hauonyeshwi kwa ukuta. Huonyeshwa na mmea uitwao isale, wa jamii ya Dracaena, ambao wingi wake ni masale. Mmea huo haumzuii mbuzi wala mwizi. Kazi yake ni kusema kwamba hapa pamekwisha pa huyu, pameanza pa yule. Mmea huohuo hupandwa penye makaburi ya wazee, na jani lake huchukuliwa na mtu aendaye kuomba radhi kwa aliyemkosea. Hata hivyo Mchaga hachanganyi mpaka na kaburi, wala kaburi na msamaha, kwa kuwa mahali na tukio humfunza maana ya alama.

Yafaa kuanza na desturi hiyo ili kulipima jambo ambalo wataalamu wa Kiswahili wamelipa nafasi ndogo, nalo ni alama zinazotiwa ndani ya miongozo ya mifumo endeshi ya kompyuta, na kazi ya kuzisahihisha ili zilingane. Wengi huiona kazi hii kuwa ya karani, si ya mwanaisimu. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba Kiswahili kina haja nayo kupita lugha nyingi.

Kwanza yataka kueleza alama zenyewe ni zipi. Mwongozo wa kwanza wa mfumo wa Unix ulitolewa mwezi Novemba 1971. Tangu hapo miongozo hiyo imeandikwa kwa matini ya kawaida iliyochanganywa na amri fupi za kuipanga, ambazo msomaji hazioni. Mwaka 1979, katika Toleo la Saba la Unix, zilitumika amri za kundi liitwalo man, ambazo zaidi huagiza sura: neno hili liwe na herufi nzito, lile liwe na herufi za mlazo. Mnamo mwaka 1990, katika kazi ya Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Cynthia Livingston alitunga kundi jingine liitwalo mdoc, nalo liligeuza msingi wa jambo. Katika mdoc mwandishi haagizi sura ya neno, bali hutaja neno ni la aina gani. “Nm” ni jina la programu inayoelezwa. “Fl” ni chaguo litanguliwalo na kistari. “Ar” ni neno ambalo mtumiaji atalibadili kwa lake. “Pa” ni njia ya faili. “Ev” ni kigeu cha mazingira. “Xr” ni rejeo la mwongozo mwingine. Sura huja baadaye, nayo huchaguliwa na mashine.

Mwanakamusi ataitambua kazi hii mara moja. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, kifupisho “nm” hakimwambii mpiga chapa atumie herufi gani. Humwambia msomaji kwamba neno ni nomino. Kamusi ambayo ingeandika “nm” penye kitenzi mahali pamoja, na kuacha kifupisho mahali pengine, isingekuwa na kasoro ya urembo tu. Ingekuwa imesema uongo mara moja na kunyamaza mara ya pili. Ndivyo ilivyo kwa mwongozo wa kompyuta, ila kwamba hapa msomaji mmojawapo ni mashine, na mashine haina mahali wala tukio la kuifunza kutofautisha isale la mpaka na isale la kaburi.

Makosa yenyewe ni madogo kwa macho. Alama “Fl” huongeza kistari chenyewe. Mwandishi asiyejua akaandika kistari tena hupata vistari viwili, na chaguo “-l” likawa “--l”, ambalo si chaguo lilelile. Nukta ya mwisho wa sentensi ikiwekwa ndani ya alama ya njia ya faili huonekana kuwa sehemu ya jina, na “/etc/hosts” ikawa “/etc/hosts.”, faili ambayo haipo. Neno la kubadilishwa likiandikwa kwa alama ya neno lisilobadilishwa, msomaji hulipiga chapa kama lilivyo.

Na tuseme yupo karani wa chama cha msingi cha ushirika katika mteremko wa Kilimanjaro. Ushirika wa kahawa hapo ni wa zamani: chama cha wakulima wenyeji kiliundwa mwaka 1925, na KNCU mwaka 1933. Karani aliyezoea daftari la mizani ajua kwamba tarakimu haina maana mpaka ijulikane imo katika safu gani. Arobaini katika safu ya kilo si arobaini katika safu ya shilingi, ijapokuwa wino ni mmoja. Mtu huyo akipewa mwongozo wa Kiswahili usemao anakili kumbukumbu kwa kuandika “cp jina-la-faili nakala”, wala pasiwe na alama ya kumjulisha lipi aliache na lipi alibadili, ataandika “jina-la-faili”. Mashine itamjibu kwamba faili hiyo haipo. Yeye hatasema kwamba alama imekosewa, kwa kuwa alama hakuiona. Atasema kwamba mwongozo wa Kiswahili haufai, na siku ya pili ataomba ule wa Kiingereza. Hapo ndipo penye hatari. Lugha huhukumiwa kwa kosa ambalo si la msamiati wake wala la sarufi yake.

Yapo mapingamizi, na la kwanza lina nguvu. Husemwa kwamba “Ar” na “Pa” zote mbili hutokea kwa herufi za mlazo au kwa mstari chini, basi kuna faida gani kusahihisha tofauti isiyoonekana? Jibu ni kwamba jicho si mpimaji pekee. Programu iitwayo mandoc, itumiwayo katika mifumo ya OpenBSD na FreeBSD, humwezesha mtu kutafuta kwa aina ya neno. Aweza kuuliza ni miongozo ipi inayotaja kigeu “HOME” kwa alama ya “Ev”, na asipewe kila ukurasa ambamo herufi hizo zimetokea tu. Mwandishi aliyeweka alama nyingine kwa kuwa sura ilikuwa sawa ameuficha ukurasa wake. Aliyesahihisha ameurudisha mahali ambapo waweza kupatikana.

Jambo hili laingiaje katika Kiswahili? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye maneno ya Kiswahili. Kazi hiyo yastahili sifa. Lakini mazungumzo yaliyozunguka kazi za namna hiyo tangu wakati huo yameelekea zaidi upande wa istilahi: iwe kompyuta au tarakilishi, faili au jalada, nywila au neno la siri. Mjadala wa istilahi ni wa haki, ila umeumeza mjadala wa alama. Mfasiri wa OpenOffice alikutana na kiwimbi kilichowekwa kabla ya herufi moja ya neno la menyu, nacho ndicho kinachoamua ni herufi ipi itakayopigiwa mstari na kuitikia kibonye. Katika Windows alama ya kazi hiyo ni “&”; katika programu za GNOME ni kistari cha chini. Mfasiri aliyekichukulia kiwimbi kuwa uchafu wa maandishi akakiondoa, ameiondolea menyu mkono wake. Aliyekiacha juu ya herufi ileile katika maneno mawili ya menyu moja ameifanya mikono miwili igombee kibonye kimoja. Hakuna kamusi iwezayo kumsaidia hapo.

Tena zipo alama ambazo mahali pake patajazwa na neno lisilojulikana mapema, kama “%s”. Katika Kiingereza ujumbe mmoja wa kwamba kitu fulani hakipo watosha kwa vitu vyote. Katika Kiswahili hautoshi. Mtumiaji hakupatikana, kifaa hakikupatikana, ufunguo haukupatikana, saraka haikupatikana, na faili, kwa wanaoiweka katika ngeli ya LI-YA, halikupatikana. Mfasiri aliyepewa “%s” peke yake hana budi kukisia ngeli, na kila anapokisia vibaya, sarufi huvunjika mbele ya msomaji. Yaonekana wazi kwamba ulegevu wa alama katika matini ya asili, ambao Mwingereza hauhisi kabisa, humfikia Mswahili kama kosa la upatanisho.

Sarufi ya Kiswahili yenyewe inayo dawa, nayo ni mbili. Ya kwanza ni kiambishi “hu-” cha mazoea, ambacho hakitaki kiambishi cha ngeli. Sentensi “ls huorodhesha yaliyomo” ni sahihi pasipo kuamua kama “ls” ni ya ngeli hii au ile. Lakini dawa hii haifiki mbali, kwa sababu ukanushi huirudisha ngeli: mwandishi atakapotaka kusema kwamba programu haifanyi jambo fulani, itambidi achague.

Dawa ya pili ni bora, nayo ni kuitanguliza nomino kuu kabla ya kila neno lenye alama: amri “ls”, chaguo “-l”, faili “/etc/hosts”, kigeu “HOME”. Nomino hiyo hushika upatanisho wote, na neno lenye alama hubaki halikuguswa. Faida haziishii hapo. Jina la amri halitaanza sentensi, basi hapana atakayelipa herufi kubwa, kosa ambalo katika Unix hubadili jina lenyewe. Wala haitahitajika kubandika viambishi juu ya neno la mashine, kama “ku-” mbele ya jina la amri au “-ni” nyuma ya njia ya faili, ambapo msomaji hawezi kujua herufi zipi ni za Kiswahili na zipi ni za kupiga chapa.

Imebaki kuamua kama itasemwa “amri ls” au “amri ya ls”. Matumizi ya sasa huchanganya yote mawili, pengine katika ukurasa mmoja. Majina ya mlimani yaweza kutoa mwanga. Husemwa Mlima Kilimanjaro na Mto Kikafu, pasipo “-a” ya uhusiano, kwa kuwa jina la pili ndilo jina la kitu chenyewe. Bali husemwa mto wa Machame, kwa kuwa Machame ni mahali upitiapo mto. Ni kweli kwamba kanuni haikufuatwa kila mahali, maana husemwa pia Wilaya ya Hai. Hata hivyo kwa miongozo tofauti hiyo ina thamani kubwa. “Faili hosts” iwe faili yenye jina hilo, na “faili ya mtumiaji” iwe faili anayoimiliki mtumiaji. Kanuni ikishikwa, msomaji ataitambua maana hata katika chapa isiyo na herufi nzito wala za mlazo.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, na wasahihishaji wa alama hawana haki ya kulipuuza. Katika utaratibu wa gettext, utumiwao sana kufasiri programu huria, sentensi ya asili ikibadilika hata kwa alama moja, tafsiri yake hutiwa chapa ya shaka, na kwa kawaida haitumiki mpaka mfasiri aithibitishe upya. Basi mtu aliyeko mbali, kwa nia njema, akisahihisha alama mia katika matini ya Kiingereza, aweza kuzima sentensi mia za Kiswahili ambazo maneno yake hayakuwa na kosa lolote. Lugha yenye wafasiri wengi hupona upesi. Lugha ambayo wafasiri wake ni wachache, tena hujitolea jioni baada ya kazi, hurudi nyuma, na Kiingereza hujaza pengo. Ulinganifu ulionunuliwa kwa bei hiyo ni wa hasara.

Lakini hasara hiyo yatoka katika kuchanganya kazi mbili, wala si katika kusahihisha. Mradi wa maandishi wa FreeBSD umeweka kanuni ya busara: marekebisho ya mpangilio wa matini yasichanganywe na marekebisho ya maneno, bali yaingizwe mbalimbali, ili wafasiri wajue lipi linawahusu na lipi waliache. Mradi huohuo ulihamisha maandishi yake kutoka DocBook kwenda AsciiDoc mwezi Januari 2021, kazi ambayo isingewezekana kwa mashine kama alama za zamani zisingekuwa na maana zilizo thabiti. Kanuni hiyo yafaa kupanuliwa, alama nazo zitengwe na maneno, na yafaa kuchukuliwa na kila atakayeandika au kufasiri mwongozo kwa Kiswahili.

Kwa muhtasari, mambo matatu yadaiwa. Alama itaje aina ya neno, si sura yake. Nomino kuu itangulie neno lenye alama, pasipo “-a” linapokuwa ni jina. Na asahihishaye alama asiguse maneno katika tendo lilelile. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji istilahi mpya, wala kikao cha kuipitisha. Yahitaji uangalifu wa aina ileile iliyowafanya wenyeji wa Machame, Kibosho na Marangu, ambao lahaja zao hazilingani, waafikiane juu ya mmea mmoja wa mpaka. Isale halikuchaguliwa kwa kuwa lazuia mtu kupita. Lilishika kwa kuwa kila mmoja alilipanda vilevile, na jirani akajua kulisoma.