"Roho ya" na "Roho wa": Upatanisho wa Kisarufi katika Biblia ya 1952

Kiswahili cha Biblia hupimwa mara nyingi kwa msamiati wake: yapi ni maneno ya Kiarabu, yapi ya Kibantu. Yafaa tukipime pia kwa upatanisho wake wa kisarufi, kwani humo mna ufafanuzi wa imani ambao msomaji huupokea bila kujua.

Tuchukue Biblia ya 1952, iliyoshika nafasi ya tafsiri za awali za Kimvita na Kiunguja. Katika Isaya 61:1 nabii anataja "Roho ya" Bwana. Katika Luka 4:18 Yesu, akiwa katika sinagogi la Nazareti, anasoma andiko lilo hilo kutoka chuo cha nabii huyo. Lakini sasa ni "Roho wa" Bwana. Herufi moja imebadilika, na kilichokuwa kitu kimekuwa nafsi.

Lugha za asili hazikulazimisha badiliko hili. Jina la Kiebrania kwa kawaida ni la jinsi ya kike. La Kigiriki si la kike wala la kiume. Wala sarufi yetu haikuvunjwa. Majina ya viumbe hai, hata yakiwa na umbo la ngeli nyingine, hufuata upatanisho wa M-WA: twasema "simba mkali". Ndivyo tulivyopata "Roho Mtakatifu", na ndivyo "Neno" katika Yohana 1 linavyofuatana na "naye" badala ya "nalo". Hapo wafasiri waliitumia hazina ya Kiswahili kwa ustadi.

Hata hivyo, nionavyo mimi, katika Luka 4 walikosea. Uzito wa kisa hicho ni kwamba andiko la kale limetimia mbele ya wasikilizaji. Msomaji akilinganisha aya hizo mbili ataona kwamba andiko limerekebishwa kabla ya kutimia; fundisho limekitangulia kisa.

Yuko atakayejibu kwamba Luka aliandika akiwa tayari na imani ya Kanisa. Ni kweli, lakini hapo ananukuu, na nukuu ina haki ya kubaki ilivyo. Kama "Roho ya" ingaliachwa, msomaji angalifikia nafsi hiyo kwa njia ya masimulizi yenyewe. Basi mwalimu wa fasihi na awasomeshe wanafunzi aya hizo mbili pamoja, awaulize ni nani anayesema katika kila moja: nabii, mwinjilisti, au mfasiri.