Deki ya Dragon na Adabu ya Ufundi

Kaseti ambayo kampuni ya Philips ya Uholanzi iliitoa mwaka 1963 ilikusudiwa kunasa maneno zaidi kuliko muziki, na ndiyo maana utepe wake ulipewa upana usiofika milimita 4 na mwendo wa sentimita 4.76 tu kwa sekunde, ilhali mashine za studio zilizoea kuuendesha utepe mpana zaidi kwa sentimita 38. Kwa mwendo huo mdogo, sauti nyembamba ya mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambayo ndiyo ukomo wa sikio la binadamu, huandikwa kwa mawimbi yenye urefu wa mikroni 2.4 hivi, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Kampuni ya Nakamichi ya Japani iliukubali ufinyu huo na kuufanyia kazi. Deki yake ya mwaka 1973, iliyoitwa 1000, ilikuwa na vichwa vitatu, cha kufuta, cha kurekodi na cha kusoma, kwa kuwa mwanya wa kichwa, yaani ule ufa ambapo sumaku hukutana na utepe, hufaa uwe mpana kiasi wakati wa kurekodi na mwembamba mno wakati wa kusoma, mahitaji mawili ambayo kichwa kimoja hakiwezi kuyatimiza sawasawa.

Kilele cha kazi hiyo kilikuwa Dragon ya mwaka 1982. Utepe wake huvutwa na vijiti viwili vya chuma vinavyozunguka, kimoja kila upande wa vichwa, vikiushika kwa mkazo ulio sawa kiasi kwamba deki hukisukuma kando kile kipande cha sufu kilichomo ndani ya kaseti ili kisiukwaruze utepe. Lakini sifa yake kuu ni kurekebisha azimathi, yaani pembe ya mwanya dhidi ya utepe, ambayo hupaswa kuwa nyuzi 90 kamili na ambayo ikipinda kidogo tu sauti nyembamba hufifia. Kichwa cha kusoma huigawa njia moja ya sauti katika nusu mbili na kuzilinganisha, na nusu moja ikitangulia nyingine, mota ndogo hukigeuza kichwa mpaka zote zifike pamoja.

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Deki inayodai kaseti zilizorekodiwa kikamilifu ingezisoma vizuri zile ilizozirekodi yenyewe tu, ilhali Dragon iliundwa kwa kutambua kwamba kaseti nyingi hutoka katika mashine nyingine, zenye vichwa vilivyopinda kila kimoja kwa namna yake. Haiwezi kurudisha sauti ambayo haikuandikwa, na wingi wa sehemu zake huifanya iwe ngumu kutengenezwa. Hata hivyo, ubora wake unastahili sifa kwa sababu umetumika kuifuata kazi ya mwingine ilivyo, bila kuilazimisha ifanane na yake.