Silikanti wa Tanga: wenyeji au wapita njia?

Mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania walianza kuvuta samaki aitwaye silikanti kutoka kilindini. Wengi wa waliofuata walinaswa mkoani Tanga, na hakuna aliyekuwa akiwatafuta. Kilichowanasa ni jarife, nyavu za papa, ambazo huko zilitegwa kati ya mita 50 na 150. Hapo likazuka swali ambalo uhifadhi haungeweza kulikwepa. Je, hawa ni wenyeji wa Tanga, au ni wapotevu waliosukumwa na mikondo kutoka Komoro, ambako samaki huyu amejulikana tangu 1952? Kama ni wapotevu, ulinzi wa maana uko Komoro. Kama ni wenyeji, kila anayekufa Tanga anapunguza kundi lisilo na wa kulijazia.

Kamera zilitangulia. Watafiti walishusha chombo kisicho na mtu, kinachoongozwa kutoka juu, wakawaona silikanti tisa wakiwa hai. Picha zilithibitisha kwamba wapo, ila hazikuweza kueleza asili yao. Kazi hiyo iliachiwa DNA.

Timu ya Japani na wenzao wa Tanzania, walioandika katika jarida la PNAS mwaka 2011, walitumia samaki waliokwisha kufa nyavuni. Waliisoma DNA yote ya mitokondria ya silikanti 21 wa Tanzania na wawili wa Komoro, wakaongeza vipande kutoka kwa wengine. DNA hii hupita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto bila kuchanganyika na ya baba, na makosa madogo ya kunakili hujikusanya ndani yake kizazi baada ya kizazi. Ukihesabu tofauti kati ya samaki wawili, unaweza kukadiria ni lini koo zao za kike zilitengana. Jibu lilikuwa wazi: silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi la peke yake, lililotengana na mengine zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Waliovuliwa kusini mwa nchi walikuwa karibu zaidi na wale wa Komoro.

Mipaka ya njia hii iko palepale kwenye nguvu yake. Mitokondria inasimulia habari za majike tu. Ndiyo maana utafiti wa 2013 kuhusu uzazi ulichukua DNA ya kiini cha seli, ile inayotoka kwa wazazi wote wawili. Majike wawili walikufa na mimba: mmoja alivuliwa Msumbiji mwaka 1991 akiwa na viinitete 26, mwingine Tanzania mwaka 2009 akiwa na 23. Watafiti walipima vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, wakaondoa kwa kila kiinitete sehemu iliyotoka kwa mama, na kilichobaki kikawa cha baba. Katika kila mimba, baba mmoja alitosha kueleza watoto wote.

Tuunganishe hayo na umri. Mwaka 2021 wanasayansi walisoma pete za ukuaji kwenye magamba ya silikanti 27, wakakadiria kwamba samaki huyu huishi karibu karne nzima, jike hupevuka akikaribia miaka 60, na mimba huchukua takriban miaka mitano. Kwa mwendo huo, jike mmoja aliyenaswa na mimba ni hasara ambayo kundi dogo halitaifidia haraka.

Msomaji wa Kapalata, jijini Kisangani nchini Kongo, atauliza yanamhusu nini, bahari ikiwa zaidi ya kilomita 1,500 kutoka jiji hilo. Yanamhusu kwa sababu njia ni hiyohiyo. Kituo cha Ufuatiliaji wa Bioanuwai cha Chuo Kikuu cha Kisangani kinahifadhi sampuli za samaki wa bonde la Kongo, na jeni moja ya mitokondria imekwisha kutumika kulinganisha samaki wa kaskazini mashariki mwa bonde hilo. Matokeo yalionyesha kwamba umbo na DNA havikubaliani kila mara: samaki waliodhaniwa kuwa aina moja wanaweza kuwa koo kadhaa. Na kama ilivyokuwa Tanga, kipande cha nyama kisichoandikwa kilipovuliwa kingeweza kutaja aina ya samaki, lakini kisingeweza kutenganisha kaskazini na kusini. Hapo daftari la bandarini lina kazi sawa na mashine ya maabara.

Tanzania ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009, miaka miwili kabla ya matokeo ya PNAS. Jeni ziliipa hifadhi hiyo hoja iliyokuwa ikiikosa: silikanti wa Komoro, hata wakilindwa vizuri namna gani, hawawezi kuhesabiwa kuwa akiba ya Tanga. Kwa hiyo kipimo cha mafanikio kitafutwe Tanga kwenyewe, katika idadi ya jarife zinazoshushwa kilindini na idadi ya silikanti wanaopandishwa nazo.