Namna ya Kuipima Picha ya Mwezi Mpevu

Picha ya mwezi mpevu mara nyingi husifiwa kwa jambo moja tu: mwezi mkubwa. Kipimo hicho kinapotosha, kwa sababu ukubwa ndio jambo jepesi kuliko yote kughushi. Kipimo cha haki ni kutazama kama mbingu na ardhi zinakubaliana: je, mwanga, ukubwa na mahali pa mwezi vinaafikiana na nchi iliyo chini yake? Picha ikifaulu hapo, hata mwezi ukiwa mdogo kama punje ya mtama, ni picha bora.

Anza na mwanga. Mwezi hauna nuru yake. Ni mwamba unaoangazwa na jua, tena wa rangi ya lami iliyochakaa, unaorudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga unaoupata. Ukiwa juu angani, hupigwa kama kitu kilichoanikwa juani mchana: tundu la lenzi f/11, ISO 100, sehemu ya 1/100 ya sekunde. Kamera ikiachwa ipime giza linalouzunguka, huugeuza sahani nyeupe. Basi utazame uso wake kwa karibu: madoa ya kijivu yawe wazi, na Tycho, shimo lenye miale mieupe, litambulikane. Usidai vivuli, maana mwezi ukipevuka jua huupiga usoni moja kwa moja na mashimo hayaonyeshi kina. Kisha shuka ardhini. Mpigapicha hodari hutangulia kwa siku moja, kwa kuwa mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila siku. Jioni hiyo ya kuamkia mwezi mpevu, unatoka baharini jua likiwa bado halijazama, na ngalawa inayorudi Bagamoyo huonekana na kamba zake na rangi ya tanga lake.

Ukubwa nao una hesabu yake. Mwezi huchukua nusu digrii tu ya anga. Mnazi wa mita 10 hulingana nao ukitazamwa kutoka kilomita moja hivi. Mwezi ukiupita mnazi, mpigapicha alikuwa mbali zaidi, tena na lenzi ndefu. Mchanga wa miguuni ukionekana punje kwa punje na mwezi umejaza robo ya picha, hizo ni picha mbili zilizounganishwa. Mahali pia hushuhudia. Afrika Mashariki mwezi mpevu huchomoza ukiwa umelala ubavu, Tycho ikiwa upande wa kulia. Vilevile, kwa aliyesimama Ol Tukai, Amboseli, kilele cha Kibo, mlimani Kilimanjaro, kiko karibu kusini kabisa, na mwezi hauchomozi kusini. Mwezi ulioketi begani mwa Kibo kutoka hapo hauwezekani.

Wapo watakaosema kwamba jicho lenyewe huuona mwezi mkubwa unapochomoza, kwa nini basi tusiukuze? Ukubwa huo ni wa akilini. Ukipimwa, mwezi wa upeoni hauzidi ule wa utosini. Anayetaka kutupa hisia ile anayo njia ya haki: arudi nyuma kilomita kadhaa, mnara au mlima upungue mbele ya mwezi. Wengine watasema sanaa ni huru, na hata mpigapicha Ansel Adams, katika picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, ya mwaka 1941, alizidisha weusi wa anga alipokuwa akiisafisha. Ni kweli, lakini Adams alishughulikia mwanga uliokuwapo, mwezi hakuuhamisha. Picha ya kuunganisha ni sanaa nyingine yenye heshima yake, mradi itajwe kwa jina lake.

Ukionyeshwa picha ya mwezi, kabla ya kuisifu, uliza mpigapicha alisimama wapi na ilikuwa saa ngapi. Picha bora huyajibu maswali hayo yenyewe.